Dario Fo: Mtambaji Aliyeingia Jukwaani

Mwezi wa Oktoba 1997, Akademia ya Uswidi ilipotangaza kwamba Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka ule amepewa Dario Fo wa Italia, palitokea manung'uniko mengi, na mengine yalitoka katika nchi yake mwenyewe. Gazeti la Vatikani halikuficha mshangao wake. Wahakiki kadha wa kadha walisema kwamba tuzo ya waandishi amepewa mwigizaji, na kwamba ukimwondoa mwenyewe jukwaani, maneno yanayobaki kitabuni ni mepesi. Si vyema kuyapuuza manung'uniko hayo na kuyaita husuda tu. Yana jambo la kweli ndani yake, na jambo hilo lamhusu kila ashughulikaye na fasihi ya watu waliozoea kusikia hadithi kabla ya kuzisoma. Je, kazi ya mtambaji ni fasihi hata pale ambapo nusu yake imo katika mkono, katika shingo na katika pumzi ya msemaji? Na la pili, lililo zito zaidi: mtu aliyejifunza kuchekesha, aweza kusimama mbele ya maiti ya kweli na kusema juu yake pasipo kuidhalilisha?

Fo alizaliwa tarehe 24 Machi 1926 katika kijiji cha Sangiano, karibu na Ziwa Maggiore, kaskazini ya Italia. Baba yake, Felice, alikuwa mkuu wa stesheni ya reli, msoshalisti, na mpenda maigizo. Kwa ajili ya kazi hiyo jamaa yake ilihamahama kutoka stesheni moja hata nyingine kandokando ya ziwa. Babu yake mzaa mama alikuwa mkulima aliyezungusha mboga kwa mkokoteni, na alijua kuwavuta wanunuzi kwa visa vya watu wa vijiji vya jirani kabla hajaanza kutaja bei. Lakini shule yake kubwa ilikuwa Porto Valtravaglia, kijiji cha wapuliza vioo, wavuvi na wachukuzi wa magendo. Humo walikuwamo watambaji, watu wa kazi za mikono, waliosimulia huku wakitengeneza nyavu au wakipumzika kutoka kwenye tanuri.

Kimoja cha visa vyao Fo alikitamba tena mwaka 1997 mbele ya waliomtunuku, ilipokuwa desturi kusoma hotuba ya maana. Ni kisa cha mji wa Caldé uliojengwa juu ya jabali. Kila siku jabali lilikuwa likiteleza kidogo kidogo kuelekea ziwani. Watu waliokuwa chini wakapiga kelele kuwaonya wenyeji, nao wenyeji wakacheka, wakidhani wanatishwa ili wakimbie, na mashamba yao yachukuliwe kwa bei ya bure. Wakaendelea kupogoa mizabibu, kuoana na kuzikana. Maji yalipofika vifundoni wakasema ni unyevu. Mji ukazama wote, na wao chini kule wakawaona samaki wakipita, wasishtuke.

Mtu akikitazama kisa hiki kwa makini ataona humo karibu mambo yote ya Fo. Kwanza, lisilowezekana lasimuliwa kwa uso mkavu, kana kwamba ni habari za jana. Pili, msimulizi hawatukani wapumbavu wake. Awaacha waseme wenyewe, na hoja zao zina mantiki kamili, ila tu ziwa linapanda. Tatu, wasikilizaji hucheka mpaka mahali fulani, kisha kicheko kinakatika bila kuamriwa, kwa kuwa watu wa Caldé wamekufa. Fo hakuyavumbua hayo. Aliyarithi kwa watu wasiojulikana majina, na kazi yake ya miaka sitini ilikuwa kutafuta namna ya kuyaingiza katika jumba la maigizo bila ya jumba hilo kuyaua.

Mambo ya vita yapitishwe haraka: ujana wake ulimwingiza katika jeshi la jamhuri ya Mussolini ya Salò, na adui zake walimkumbusha hayo maisha yake yote, hata wakafikishana mahakamani. Kabla na baada ya vita alisomea uchoraji katika chuo cha Brera mjini Milano, akaanza usanifu wa majengo, asiumalize. Ule uchoraji haukupotea. Picha za mkono wake ziliandamana na michezo yake daima, na hata hotuba ile ya Stockholm hakuiandika kwa maneno bali aligawa kurasa za michoro, akasema huku wasikilizaji wakifunua.

Alianza kujulikana katika redio, mwaka 1952, kwa mfululizo wa hadithi za kusema peke yake alizoziita Poer nano, yaani maskini kibeti. Alichukua visa ambavyo kila Mwitalia alifundishwa utotoni, vya Biblia na vya wafalme na vya Shakespeare, akavipindua. Katika kimojawapo, Kaini ndiye mnyonge: mtoto mzito wa mwili, asiyependeza, ambaye kutwa hujitahidi kumwiga Abeli mwenye nywele za dhahabu, na kila alifanyalo humharibikia. Mzaha ni wa kijana bado, na hadithi nyingine za wakati ule hazina zaidi ya huko kupindua. Hata hivyo hapo ndipo ilipoonekana mara ya kwanza tabia yake ya kuuliza, katika kila kisa kitukufu, ni nani aliyefanywa kuwa mbaya ili mwingine awe mzuri. Wakubwa wa redio waliliona hilo kabla ya wahakiki, na vipindi vile havikudumu.

Mwaka 1953 alitunga na kuigiza pamoja na Franco Parenti na Giustino Durano mchezo wa vipande vipande, Il dito nell'occhio, na huko Mfaransa Jacques Lecoq alimfunza adabu ya mwili. Fo alikuwa mrefu, mikono mirefu, meno yamejitokeza, na mwendo kama wa ndege wa majini. Lecoq hakumrekebisha, alimwonyesha jinsi ya kuzitumia kasoro hizo. Mwaka uliofuata alimwoa Franca Rame, binti wa jamaa ya waigizaji wa kusafiri ambao kwa vizazi walikwenda mji kwa mji, wakaigiza bila kitabu, kila mmoja akijua kisa na kujaza maneno papo hapo. Yafaa kusema mapema kwamba bila Rame hapangekuwa na Fo anayejulikana. Yeye ndiye aliyeleta nyumbani ule ujuzi wa ukumbi wa kuhamahama, nalo ni jambo ambalo wengi wa wasifu wake wamelitaja kwa nusu sentensi.

Kutoka 1959 hata 1967 kampuni ya Fo na Rame ilionyesha mjini Milano vichekesho vya vitendo vitatu, karibu kimoja kila mwaka: Gli arcangeli non giocano a flipper, Settimo: ruba un po' meno, na vinginevyo. Ni saa zilizofungwa vizuri. Milango yafunguka kwa wakati, watu wabadilishana nguo, maiti zisizo maiti zapotea na kurudi. Watu wenye mali walilipa wakacheka, hata pale walipokuwa wakichekwa wao. Tatizo la michezo hii si kwamba haina maana, maana imo tele, bali kwamba mtambaji amefichwa ndani yake. Kila mwigizaji amefungiwa katika mtu mmoja, na ukuta usioonekana umesimama kati ya jukwaa na viti. Fo alivumilia ukuta huo miaka minane, naye alikuwa akiupiga mateke kila usiku.

Katikati ya miaka hiyo ilitukia habari ya televisheni. Mwaka 1962 yeye na mkewe walipewa kuongoza Canzonissima, kipindi cha nyimbo kilichotazamwa na nchi nzima. Walitia humo vichekesho juu ya wafanyakazi wanaokufa katika ujenzi na juu ya wauaji wa Sisilia. Wakaguzi wakakata, wakakata tena, na mwisho wawili hao wakaondoka. Hawakuonekana katika televisheni ya taifa mpaka 1977. Adhabu ya miaka kumi na mitano kwa mizaha michache yaonyesha kwamba serikali ilikuwa na hakika kubwa juu ya nguvu ya chale kuliko waliyokuwa nayo maprofesa wa fasihi.

Mwaka 1968 waliacha majumba ya wenye mali, wakaunda kundi la Nuova Scena, wakaanza kuonyesha katika kumbi za wafanyakazi, viwandani, na popote palipokuwa na taa. Chama cha Kikomunisti kilichowapa kumbi hizo nacho hakikupona ulimi wao. Urafiki ukavunjika, na mwaka 1970 wakaanzisha kundi lingine, La Comune. Katika hali hiyo ya kutokuwa na mapazia wala mavazi ndipo Fo alipotoa, mwaka 1969, kazi yake iliyo kuu, Mistero buffo.

Mtu mmoja huingia amevaa fulana nyeusi na suruali nyeusi. Hana kiti, hana kofia, hana kitu mkononi. Huanza kwa maongezi ya kawaida, akieleza habari za wale wachekeshaji wa kuzunguka wa zama za kati, ambao Waitalia huwaita giullare, waliosimama sokoni wakawasema maaskofu na mabwana, na wengine wakakatwa ndimi. Mwenye kuchelewa mlangoni husemeshwa. Akikohoa mtu, kikohozi chaingizwa katika maongezi. Kisha, bila kengele wala kuzimwa kwa taa, anageuka nusu, bega moja linashuka, na kijiji kizima kimefika.

Kifupi kipande cha kufufuliwa kwa Lazaro, kwa kuwa ndicho kilicho bora. Fo peke yake ni watu kama kumi na watano. Kuna mlinzi wa makaburi anayetoza kiingilio kwa wanaotaka kuona muujiza. Kuna anayekodisha viti, maana muujiza ukiwa mkubwa mtu aweza kuanguka kwa mshtuko. Kuna muuza samaki. Kuna wafupi wanaosukumwa na warefu, na kuna wanaowekeana dau kama maiti atainuka au hatainuka. Hakuna mahali panaposemwa "akasema" wala "akajibu". Sauti mbili hupokezana kwa kugeuza shingo, na mtazamaji hakosei hata mara moja ni nani anenaye. Harufu ya kaburi yafunguliwa, nao wanaziba pua. Funza wanaonekana, kwa macho ya wanaotazama tu. Maiti anainuka. Umati unashangilia, na katika shangwe hiyo yasikika sauti ya mtu aliyeibiwa mkoba, akimkimbiza mwizi.

Mengi yamesemwa juu ya kipande hiki kuwa ni kufuru. Mwaka 1977 kilipoonyeshwa pamoja na vingine katika televisheni, Kardinali Poletti wa Roma alipinga kwa nguvu, na Vatikani ikakilaani kipindi hicho. Walioshtuka hawakutazama nani haonekani. Fo aigiza watu wote waliokuwapo makaburini isipokuwa mmoja, naye ni Yesu. Yesu aonekana tu kwa watu wanaomnyooshea kidole na kusema kuwa ni kijana bado. Muujiza wenyewe haukudhihakiwa. Kilichodhihakiwa ni biashara iliyouzunguka. Kadhalika katika kipande cha Papa Bonifasi wa Nane: Papa ajivika joho lisiloonekana, zito hata magoti yake yakunjika, ajivisha pete zisizoonekana, aimba, awakemea wavulana wa kwaya wanaobeba ncha ya nguo, kisha akutana na Kristo abebaye msalaba. Hapo Papa avua mapambo haraka haraka ajifanye maskini. Kristo haonekani hapa pia. Mtazamaji ndiye anayepewa kazi ya kumwona, na kwa hiyo kila mtu amwona Kristo wake. Mtambaji mbaya angaliigiza wote wawili.

Lugha ya michezo hii ni jambo la kuwavutia wanaojua lahaja. Si Kiitalia cha shule. Ni mchanganyiko wa lahaja za bonde la mto Po, Kilombardi na Kivenesia na nyinginezo, mchanganyiko ambao hakuna kijiji kinachousema hivyo, lakini kila kijiji huusikia kuwa ni wa jirani yake. Anayejua jinsi Mwamu, Mmvita na Muunguja wanavyosikilizana, kila mmoja akitabasamu kidogo, ataelewa. Na pale maneno yasipotosha, Fo alitumia kile kiitwacho grammelot: sauti tupu zenye lafudhi ya lugha fulani, na neno la kweli moja moja limetupwa ndani kama nyama katika mchuzi. Watoto hufanya hivyo wanapojifanya kusema Kizungu. Lakini Fo aliweza kueleza chakula kizima cha mtu mwenye njaa kwa sauti hizo. Katika kipande cha njaa ya Zanni, mkulima aliyeshinda na kulala na njaa aota kwamba apika vyungu vikubwa, akoroga, aonja, ala, na anapozindukana amshika nzi, amkata mapaja kwa uangalifu mkubwa, na kumla kama karamu. Mwandishi gani atauandika mlo wa nzi? Katika kitabu ni mistari michache ya maelekezo. Jukwaani ni dakika nyingi, na mwisho wake wengine hawacheki.

Msomaji wa pwani ya Afrika ya Mashariki atapata humo jamaa asiowatazamia. Kipande cha mtoto Yesu anayefinyanga ndege wa udongo na kuwapulizia wakaruka hakimo katika Injili nne. Kimo katika vitabu vya zamani ambavyo Kanisa halikuvikubali, na Waislamu wanakijua kutoka katika Kurani, kwa habari za Nabii Isa. Fo alikitambia kwa kumfanya mtoto huyo mgeni maskini, mkimbizi anayetaka kuchezewa naye na watoto wa mji, mpaka mwana wa tajiri alipokuja na kuwaponda ndege wale. Na mwenye kuisoma kazi ya Ebrahim Hussein hatakosa kukumbuka kwamba mwaka 1976 zilitoka Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, tungo mbili zilizokusudiwa mtambaji mmoja mbele ya watu. Hakuna haja ya kudai kwamba mmoja alimwiga mwenzake. Waliona tatizo moja, kwamba jukwaa la Kizungu la watu wengi wenye kusemezana limemnyang'anya mtambaji mahali pake, wakaenda njia mbili: Hussein kwa shairi na fumbo, Fo kwa mzaha na ishara za mwili.

Sasa lile swali la maiti. Tarehe 12 Desemba 1969 bomu lililipuka katika benki kwenye uwanja wa Piazza Fontana mjini Milano. Watu 17 walikufa. Polisi wakawakamata waanakisti. Mmoja wao, Giuseppe Pinelli, mfanyakazi wa reli, alikuwa akihojiwa katika makao ya polisi usiku wa tarehe 15, akaanguka kutoka dirisha la ghorofa ya nne, akafa. Polisi walieleza namna alivyoanguka, kisha wakaeleza tena kwa namna nyingine. Mwaka 1975 hakimu aliamua kwamba hakuuawa wala hakujiua, bali alipatwa na hali ya mwili iliyomwangusha. Miaka mingi baadaye mahakama ya juu ilithibitisha kwamba bomu lenyewe lilikuwa kazi ya mafashisti mamboleo, si ya waanakisti.

Desemba 1970, mwaka mmoja tu baada ya kifo hicho, Fo alionyesha Morte accidentale di un anarchico, Kifo cha Ajali cha Mwanakisti. Kichaa mmoja mwenye ugonjwa wa kujifanya mtu mwingine aletwa kituoni, ajifanya hakimu aliyetumwa kuchunguza upya, na kwa kujifanya rafiki awataka polisi waigize tena usiku ule. Kila wakirekebisha uwongo mmoja wazaa mwingine. Maneno mengi ya polisi yalitoka katika kumbukumbu za kweli, na mambo mapya yalipojitokeza mahakamani, mchezo ulibadilishwa kabla ya maonyesho yaliyofuata. Ukiisha, watazamaji hawakwenda zao; walikaa kujadiliana, na mjadala huo Fo aliuita kitendo cha tatu.

Uzuri wa mchezo huu ni kwamba yule kichaa ni mtambaji aliyevunja ukuta na kuingia katika kichekesho cha milango. Yeye peke yake ana haki ya kubadilika: hakimu, nahodha mwenye mkono wa bandia, askofu. Wengine wote wamefungwa katika nguo zao rasmi. Wacheka watu kwa sababu polisi wanajitahidi sana, kama wale wa Caldé, kueleza kwamba maji ni unyevu tu. Lakini mtu yupo chini ya dirisha, na kila maelezo mapya yamrudisha dirishani. Fo mwenyewe aliweka onyo ndani ya mchezo: kichaa aeleza kwamba kashfa ni kitu kizuri kwa serikali, kwa kuwa watu hukasirika, wakapumua, wakalala. Yaani mwandishi alijua hatari ya kicheko chake mwenyewe. Hakutaka mtazamaji atoke akiwa ameshiba. Alitaka atoke na kitu kimemkwama kooni.

Hapo ndipo wengi walioutafsiri walipoteleza. Kundi la Belt and Braces liliuonyesha Uingereza mwaka 1979, kwa namna ya Gavin Richards, ukahamia jumba la Wyndham's mjini London na kupata watazamaji wengi. Ulichekesha sana, na ulichekesha mno. Polisi walikuwa machale tangu walipoingia, nao chale haogopwi na mtu. Na asiyeogopwa hawezi kumtupa mtu dirishani. Fo hakuridhika na kutiwa chumvi huko. Kosa hili limerudiwa katika nchi nyingi, na chanzo chake ni kile kile walichokisema wapinzani wa tuzo: kitabu hakionyeshi wapi pa kunyamaza. Mtambaji hujua. Mwongozaji anayesoma tu huona mizaha, akaongeza mingine.

Basi wapinzani walikuwa na haki? Nusu. Maandishi ya Fo hayajitoshelezi kama riwaya inavyojitosheleza, na baadhi yake, kama Il Papa e la strega ya 1989, hata jukwaani ni mkusanyiko wa vituko vinavyosukumana. Tena kuna lawama ya wataalamu wa zama za kati, nayo ni ya haki zaidi. Fo alipenda kusema kwamba ameokota vipande vyake katika hati za kale na vinywa vya watu; wataalamu walipotafuta, mara nyingi walikuta mstari mmoja wa kale na kurasa kumi za Fo. Kwa mtambaji hilo si dhambi, kwa kuwa kila mtambaji husema kuwa kisa amekipokea kwa babu. Kwa mtu anayesimama mbele ya wanafunzi akitoa somo la historia, ni jambo jingine, na Fo alitaka vyote viwili.

Lakini wapinzani walikosea kuhusu maana ya kutunga. Michezo hii ilitungwa mara mia. Rame alikuwa akisikiliza usiku baada ya usiku, akatia alama mahali watu walipocheka mapema mno na mahali walipochoka, akakata, akaandika upya, akatayarisha maandishi kwa ajili ya kuchapwa. Toleo lolote la Mistero buffo ni nakala ya usiku fulani. Naye Rame alikuwa na utambaji wake, wa namna nyingine. Tarehe 9 Machi 1973 alitekwa na mafashisti mjini Milano, akapigwa na kunajisiwa. Baadaye alitunga juu ya jambo hilo kipande cha kusema peke yake, na kwa muda mrefu alikionyesha bila kueleza kwamba aliyepatikana ni yeye. Hamna mzaha hata mmoja. Mwanamke aketi kitini, asimulia kwa wakati uliopo, jambo baada ya jambo, mikono haiendi popote. Wengi walimwona katika jioni ileile waliyokuwa wamecheka, kwa kuwa kilitiwa pamoja na vichekesho vyake juu ya ndoa na jikoni. Mtu akitaka kujua kama sanaa ya watambaji hawa iliweza kubeba uzito, asianze na Fo. Aanze na kiti hicho.

Mwaka 1995 Fo alipatwa na kiharusi kilichomchukulia sehemu kubwa ya uwezo wa kuona, na bado akarudi jukwaani. Rame alifariki tarehe 29 Mei 2013. Fo akamfuata tarehe 13 Oktoba 2016, akiwa na miaka 90. Karatasi zao, ambazo Rame alizikusanya maisha yake yote, pamoja na michoro, vinyago na nakala zilizofutwafutwa za michezo, zilipelekwa mwaka ule wa 2016 katika hifadhi ya nyaraka ya serikali mjini Verona. Atakayetaka kuichapa upya kazi ya Fo ataanzia kwenye nakala hizo, zenye maandishi ya wino pembeni kwa mkono wa mkewe, yakionyesha ni mistari ipi iliyoondolewa na ni usiku gani.